Mwanamume Aliyesimama Pembeni mwa Picha

Shangazi alifika kabla ya mgeni, hata kitambaa cha meza sijamaliza kukipiga pasi. Alivyoushika mkoba wake kwa mikono miwili, nikajua amekuja na neno.

"Umependeza," aliniambia. "Kaa chini."

"Nina pasi mkononi, Shangazi."

"Izime."

Nikaizima. Shangazi ni dada wa Baba wa kumfuata. Ana mdomo na hajali nani anausikia, lakini ndiye aliyeniokoa. Yule mchumba wangu wa kwanza, muuza magari mwenye maneno matamu, ni Shangazi aliyegundua kwamba ana mke na watoto katika mji mwingine, na wakati huo viti vya harusi vilikuwa vimeshakodiwa. Tangu siku ile, Shangazi akikwambia ukae chini, nyumbani kwetu unakaa.

Alitoa simu, akaitafuta picha, akaniwekea mapajani.

"Usiseme kitu kwanza. Tazama."

Ilikuwa picha ya picha. Rafiki yake, fundi cherehani, hubandika ukutani picha za wateja wake wakiwa wamevaa nguo alizowashonea. Shangazi alikwenda kupimwa gauni, akaiona hiyo. Katikati alisimama mwanamke mrembo mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri mno. Mbele yake palikuwa na msichana mdogo mwenye sare mpya ya shule, mikono ya sare imemzidi. Na pembeni, kiganja chake begani kwa mtoto, alisimama mwanamume mwenye suti.

"Ni yeye," Shangazi alisema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyo mpima ardhi wako. Fundi anasema walikuja kuchukua gauni wote watatu, wakaondoka wote watatu."

Sitajidai kwamba nilikuwa jasiri. Nilimpenda Mpima. Nilimpenda kwa namna ambayo yule muuza magari hakuwahi kuipata hata robo yake, na ndani ya muda mfupi angeingia kwa mlango ule kumwomba Baba ruhusa ya kuleta wazee wake. Mama alikuwa jikoni akipanga biskuti kwenye sahani, akiimba kwa sauti ya chini wimbo asioujua maneno.

"Nileteeni hiyo simu," Baba alisema.

Tulikuwa tumemsahau. Baba ni fundi saa mstaafu, lakini kustaafu kwake ni kuhamisha kazi kutoka dukani hadi pembe ya meza yetu ya chakula. Alikuwa amekaa pale na saa ya mtu iliyofunguliwa tumbo, kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni. Alikitoa, akaitazama picha kwa muda mrefu, akairudisha bila kukunja uso.

"Baada ya yule wa kwanza nilisema nini?" aliniuliza.

"Ulisema mwingine akija na kitu alichokificha, hata kiwe kidogo kama skrubu ya saa, hataupita mlango huu tena."

"Nilisema hivyo. Sasa nieleze."

Nikapiga moyo konde. "Huyu siye, Baba."

"Unajuaje?" Shangazi akadakia.

"Kazi yangu ni hiyo, Shangazi. Kutazama picha na kusema huyu ni nani."

Na kweli ndiyo kazi yangu. Ninafanya kazi katika jumba la makumbusho, kwenye chumba cha nyuma chenye kabati refu la droo, na ndani ya kila droo kuna kereng'ende waliopangwa kwa mistari na pini. Watu wengi hawajui kwamba kereng'ende wana aina nyingi. Wanaona mdudu mwenye mabawa manne anayecheza juu ya maji, basi. Lakini wapo wachache wanaowapiga picha mitoni na mabwawani, wananitumia, na mimi ninawarudishia jina. Ugumu ni kwamba wengi wanafanana kama sare. Wekundu kwa wekundu unaweza kuwatofautisha kwa mstari mwembamba wa manjano kwenye mguu, au kwa rangi ya kidoa kilicho karibu na ncha ya bawa, na picha iliyopigwa kutoka juu haikuonyeshi mguu.

Mpima alikuwa mmoja wa hao wapiga picha. Kazi yake humpeleka kwenye mabonde yenye maji, na akishapima viwanja hubaki na kamera yake matopeni. Picha yake ya kwanza niliirudisha na maneno mawili: *Picha haitoshi.* Akanijibu kwamba ameipiga akiwa ndani ya maji hadi kiunoni, sasa nilitaka aingie hadi wapi. Nikamwandikia kwamba si suala la kina, ni suala la upande. Tukagombana hivyo miezi kadhaa, kwa adabu, na mimi nikaanza kufungua kompyuta asubuhi kabla sijavua hata koti.

Siku iliyonifanya nitake kuuona uso wake alikuwa ametuma picha mbili. Moja ya kereng'ende wa manjano, nyingine ya mwekundu, na chini yake ameandika kwa fahari kwamba amepata aina mbili kwenye bwawa moja. Nikamjibu kwamba amepata aina moja, tena wote ni madume. Dume akiwa mchanga ni wa manjano, akikomaa anageuka mwekundu. Rangi inamdanganya kila anayeanza. Mwingine angenuna. Yeye alikuja hadi ofisini na mfuko wa machungwa, akasema amekuja kuomba radhi kwa kereng'ende. Aliniangalia kwa macho yale yanayocheka kabla ya mdomo, nikasahau nilichokuwa nimeshika. Kilikuwa kibano, na kilianguka ndani ya kikombe changu cha chai.

Kwa hiyo Shangazi aliponiuliza ninajuaje, nilikuwa na jibu. Nilileta kompyuta yangu mezani, nikaweka picha yake upande huu na picha ya Mpima upande ule, nikazikuza zote mbili. Mama naye akaja na sahani ya biskuti, akasimama nyuma yangu.

"Tuanze na nywele," nilisema. "Huyu zimemjaa na zinaanzia chini, hapa. Mpima ana kipara."

"Kipara kinanyolewa," Shangazi alisema.

"Sawa. Ndevu. Huyu hana hata moja, Mpima anazo. Mashavu. Huyu yamemwingia ndani, Mpima ana uso wa mviringo. Tazama na rangi. Huyu ni maji ya kunde, Mpima ni mweusi zaidi. Na huyu hana miwani."

"Miwani inavuliwa."

"Ndiyo maana nimeitaja mwisho."

Baba alirudisha kioo jichoni, akainama juu ya kompyuta. "Na sikio?"

"Sikio limefichwa na mwanga. Lakini kwa haya mengine yote, Baba, ningekuwa kazini ningeandika kwamba ni wawili tofauti, na nisingerudi nyuma."

"Mimi nimemjua kwa anavyosimama," Shangazi alisema, ila sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Uliponionyesha picha yake kule bwawani alikuwa amesimama hivyohivyo, bega moja chini."

"Shangazi, kusimama kila mtu anasimama."

Mama akacheka. Shangazi akaitazama simu yake, akaitazama kompyuta, akashusha pumzi.

"Basi Mungu anisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeshajiandaa kumtoa mbio."

Nilihisi mwili wote umelegea kwa raha. Hata sikujiuliza yule mwanamke ni nani. Ukishaamua kwamba mwanamume siye, mwanamke na mtoto hawakuhusu tena. Nikarudi kwenye pasi yangu, nikakinyoosha kitambaa hadi kikang'aa.

Mpima alifika kwa wakati, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema. Baba aliitikia kwa kichwa.

"Na huyu ni Shangazi," nilisema.

"Shikamoo, Shangazi. Nimesikia habari zako nyingi."

"Nzuri?"

"Za kutisha."

Shangazi akacheka mpaka akashika kiti, na nikajua amemkubali. Chai ikamiminwa. Baba akamuuliza kuhusu kazi, Mpima akamweleza jinsi jiwe la mpaka linavyohama wenyewe wakiwa wamelala, na Baba, ambaye si mtu wa kucheka na wageni, akatabasamu ndani ya kikombe. Mimi nilikaa karibu na Mama, nikimtazama Mpima akila biskuti kwa tahadhari ili chembe zisianguke. Aliponitupia jicho, mara moja tu, nilisikia joto linanipanda hadi masikioni.

Laiti Shangazi angenyamaza. Lakini Shangazi akishampenda mtu hawezi kukaa na deni la moyoni.

"Mwanangu, nina jambo la kukuomba radhi," alisema. "Tulikuwa tumekusingizia hapa kabla hujaja."

"Shangazi," nikasema.

"Ngoja, ni la kuchekesha. Niliiona picha kwa fundi wangu, nikasema ni wewe. Na mke na mtoto. Basi mwenzio akatuletea kompyuta, akatufundisha nywele, akatufundisha mashavu, mpaka nikaona aibu. Hebu mwone huyo pacha wako."

Akampa simu.

Mpima aliipokea akiwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, si ghafla, likaondoka polepole. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na uso. Mama aliacha kumimina chai. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa nikiomba kwa moyo wote asiseme. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Nilikuwa nimeifagia mwenyewe. Angesema tu *kweli tunafanana*, na tungeendelea na chai.

"Shangazi hukunisingizia," alisema. "Huyu ni mimi."

Saa zote za Baba pale mezani zikawa zinasikika.

"Rudia," Baba alisema.

"Ni mimi, mzee. Miaka minne iliyopita. Wakati ule nilikuwa na nywele, sina ndevu, na jua la viwanjani lilikuwa halijanichoma hivi." Akaiweka simu mezani taratibu, kioo juu, ili kila mtu aione. "Huyu mama ni mke wa marehemu kaka yangu. Na huyu ni binti yao. Kaka alikufa mwezi mmoja kabla ya siku hiyo. Ilikuwa siku ya mtoto kupokewa shule, na walisema kila mtoto aje na wazazi wawili wapigwe naye picha. Nikavaa suti ya kaka, nikasimama pale ambapo angesimama yeye. Nilikuwa nimekonda, chakula hakikuwa kinapita. Hata shemeji alipoiona picha alisema sifanani na mimi mwenyewe."

Akanigeukia. "Nilikwambia kuhusu mtoto."

"Uliniambia," nilisema. Na ni kweli, aliniambia siku ileile ya machungwa, kwamba kuna binti wa kaka yake anayemsomesha na anayeishi na mama yake mzazi na bibi. Nilijua kila kitu kuhusu mtoto yule, hata kwamba anaogopa kuku. Nilikuwa na jibu lote mkononi, na nikakimbilia kupima mashavu.

Baba aliondoa kioo chake kwenye meza, akakiweka mfukoni. "Kabla hujaja, tulikuwa tumeshakubaliana kwamba si wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

"Kweli."

"Na binti yangu amekwambia habari za yule wa kwanza? Nilichosema siku ile?"

"Ameniambia."

"Basi kwa nini hukunyamaza?"

Mpima alifikiri. Alikuwa ameikunja miwani mkononi na kuikunjua tena.

"Mtoto anayo hiyo picha kwenye daftari lake," alisema. "Wenzake wakimuuliza, anawaambia siku ile alikuwa na watu wawili. Sasa mimi nikae hapa nikatae, kisha kesho nimwone nimwambie nini? Kwamba kwenye nyumba ya watu niliogopa, nikasema sikuwepo?"

Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga, bila kujificha. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki na nguvu ya kuuliza.

"Na huyo shemeji yako. Nisamehe, mimi nauliza wazi. Kati yenu hakuna kitu?"

"Kuna kitu, Shangazi. Namdai radhi kwa kuniambia nimeota kipara kwa kufikiri sana." Kisha akawa makini. "Ni dada yangu kabisa. Ana mchumba, fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mpole. Wazee wake wakija kumposa, mimi ndiye nitakayewapokea. Kwa hiyo leo ninajifunza pia jinsi ya kukaa upande ule."

"Upande ule ni mgumu zaidi," Baba alisema.

"Ninaona, mzee."

Baba akasimama, akasema anakwenda kunyoosha miguu uani. Nilimfahamu. Baba akitaka kuamua jambo, huenda kuhesabu majani ya mpapai. Mama akamfuata, na Shangazi akamfuata Mama, kwa sababu hawezi kuacha uamuzi ufanyike bila yeye. Tukabaki wawili na kompyuta iliyokuwa bado wazi, yeye huku na yeye kule.

"Eh," Mpima alisema, akaisogeza. "Hebu nione kazi ya mtaalamu."

"Usinianze."

"Nywele. Ndevu. Mashavu. Rangi." Alihesabu kwa kidole. "Rangi, mpenzi wangu. Wewe. Mtu aliyeniandikia barua ndefu kwamba rangi inamdanganya kila anayeanza."

"Ile haikuwa barua, ilikuwa mistari mitatu."

"Mchanga na aliyekomaa wa aina moja, ukawafanya aina mbili. Tena kwa picha moja. Tena ya upande mbaya."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa ninacheka. "Nilitaka usiwe wewe," nilimwambia. "Ndiyo sababu. Kazini sijali kereng'ende awe nani, kwa hiyo naona vizuri. Leo nilijali."

Aliacha utani. Akanitazama kwa utulivu ule wake, hakupepesa macho, na mkono wake ukaja ukalala juu ya wangu palepale kwenye kitambaa nilichokipiga pasi mara mbili.

"Uliogopa?"

"Sana. Nilifikiri nitakupoteza mbele ya sahani ya biskuti."

"Na nilipokubali?"

"Niliogopa zaidi. Nilikuwa nakuomba moyoni udanganye. Sasa nafurahi hukunisikia."

"Shangazi yako alinijua kwa nini?"

"Kwa unavyosimama. Bega moja chini."

"Si ndiyo mnavyofanya na wale kereng'ende wanaofanana? Mnaangalia namna anavyotua?"

"Ndiyo," nilisema. "Kazini ningemsikiliza."

Akacheka, na vidole vyake vikabana vyangu kidogo kabla hajauondoa mkono, maana tulisikia ndala za Baba zinarudi.

Baba aliingia peke yake. Wale wawili walibaki mlangoni wakijifanya wanatazama kufuli. Alikaa kwenye kiti chake, akaichukua ile saa iliyofunguliwa, akaitazama bila kuigusa ndani, kisha akaiweka chini.

"Mtoto ana umri gani sasa?" alimuuliza Mpima.

"Kumi, mzee."

"Bado anaogopa kuku?" Kumbe Mama alikuwa ameshasimuliwa na mimi zamani, na alikuwa amemsimulia pale kwenye mpapai.

"Bado. Lakini sasa anaona aibu kusema."

Baba akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Siku utakayokuja na wazee wako," alisema, "mje naye. Kuku tutamfungia."

Mpima alisema asante, kisha akaisema tena. Mimi niliokota vikombe haraka nikaenda navyo jikoni, nikafungua maji. Mama alikuja akasimama kando yangu, akaviangalia, akaniambia nimechukua vile visafi ambavyo hakuna aliyevinywea. Nikamwambia najua, nikaendelea kuviosha.